Wakati Ujao Sahili: 'Will' ya Kiingereza na -ta- ya Kiswahili, Darasani na katika Uhakiki

Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha insha za kidato cha tatu au cha nne ameikuta sentensi kama hii: "Wakati nitamaliza shule nitakuwa daktari." Huenda katika siku iyo hiyo mwenzake wa Kiingereza akawa ameipigia mstari mwekundu sentensi nyingine ya mwanafunzi yule yule: "When I will finish school, I will be a doctor." Sentensi hizi mbili ni ndugu. Mwanafunzi ana wazo moja kuhusu wakati ujao na amelipeleka katika lugha mbili bila kuuliza kila lugha inalipokea vipi. Amekosa kote kuwili.

Makala haya yananuia kueleza jinsi wakati ujao sahili unavyoundwa na kutumiwa katika Kiingereza, kuulinganisha na ule wa Kiswahili, na kuonyesha faida ya ulinganishi huo kwa mtahiniwa wa lugha na wa fasihi. Hoja yetu kuu ni kwamba wakati ujao hauelezi tu jambo litakalotokea. Unaeleza pia nia, ahadi, amri au dhana ya msemaji. Mtahiniwa anayeitambua tofauti hiyo hukwepa makosa ya sarufi, na akifika kwenye tamthilia au riwaya husoma ahadi za wahusika kwa jicho pevu zaidi.

Asili ya viambajengo vyenyewe

Neno 'will' la Kiingereza lilitokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale kilichokuwa na maana ya kutaka. Mwenzake, 'shall', alitokana na kitenzi kilichomaanisha kuwiwa au kupaswa. Kwa hiyo lugha hiyo ilianza kuusema wakati ujao kwa njia mbili: kile ninachokitaka na kile ninachopaswa.

Kiswahili nacho kilipitia njia ya kutaka. Kiambishi -ta- kinahusishwa na kitenzi 'taka', na ushahidi ungali hai vinywani mwetu. Tunapoongeza kirejeshi, umbo refu hurejea: atakayekuja, watakaosoma, tutakapofika. Aidha, tunasema "Mvua inataka kunyesha" ilhali tunajua fika kwamba mvua haina matakwa. Hapo 'taka' inaonyesha jambo lililo karibu kutokea.

Mwalimu akiwaeleza wanafunzi historia hii fupi, hawatashangaa kuona kwamba -ta- na 'will' hubeba nia na ahadi. Ndiyo kazi viliyozaliwa nayo.

Uundaji

Katika Kiingereza, wakati ujao sahili huundwa kwa kuweka kitenzi kisaidizi 'will' mbele ya kitenzi kikuu kisicho na nyongeza yoyote: "She will read." Kitenzi kikuu hakichukui -s ya nafsi ya tatu, wala -ed ya wakati uliopita, wala 'to'. Kwa hiyo "She will reads" na "She will to read" ni makosa. Kukanusha, 'not' hufuata 'will', na katika mazungumzo viwili hivi hufupishwa kuwa 'won't'. Kuuliza, 'will' hutangulia kiima: "Will she read?" Tena, 'will' haivumilii kitenzi kisaidizi kingine cha aina yake. Anayetaka kusema "nitaweza" hawezi kusema "I will can". Atasema "I will be able to".

Katika Kiswahili kazi yote hufanyika ndani ya kitenzi kimoja. Nafsi hutangulia, -ta- hufuata, kisha yambwa ikiwapo, halafu mzizi: a-ta-m-som-e-a. Kuna mambo matatu ambayo watahiniwa huyasahau mara kwa mara.

Kwanza, vitenzi vya silabi moja hubakisha ku-: nitakula, atakuja, watakufa. Yambwa ikiingia, ku- huondoka: nitamla, nitakinywa.

Pili, katika ukanushaji -ta- haibadiliki, tofauti na -li- inayogeuka -ku- au -me- inayogeuka -ja-. Nitasoma huwa sitasoma. Watasoma huwa hawatasoma.

Tatu, umbo la -taka- lenye kirejeshi halina kikanushi chake lenyewe. Sentensi "Mwanafunzi atakayefika mapema atatuzwa" hukanushwa kwa kutumia amba-: "Mwanafunzi ambaye hatafika mapema hatatuzwa." Inaweza pia kukanushwa kwa -si-: "Mwanafunzi asiyefika mapema hatatuzwa." Anayeandika "hatakayefika" ameunda neno ambalo sarufi ya Kiswahili sanifu hailitambui.

Matumizi: palipo na njia moja na palipo na nyingi

Kiingereza hutumia wakati ujao sahili hasa kwa kutabiri, kwa uamuzi unaofanywa papo hapo, kwa ahadi, kwa onyo na kwa ombi. Mtu akisikia simu ikilia na kusema "I will answer it", ameamua wakati huo huo. Lakini kama mpango ulikuwapo tayari, Kiingereza hupendelea 'going to': "I am going to visit my aunt." Umbo hilo hilo hutumika ushahidi unapoonekana, kama vile mawingu meusi yanapotanda: "It is going to rain." Kwa miadi iliyokubaliwa hutumika wakati uliopo wa hali ya kuendelea, na kwa ratiba hutumika wakati uliopo sahili: "The train leaves at eight."

Kiswahili huyabebesha mengi ya haya kiambishi kimoja tu, -ta-. Hata hivyo hakikosi njia nyingine. Kwa safari iliyokwisha kupangwa tunasema "Kesho tunasafiri." Kwa mvua inayoonekana angani tunasema "Mvua inataka kunyesha" au "Mvua i karibu kunyesha." Kwa hiyo mwanafunzi anayeamini kuwa kila wakati ujao ni -ta- amelipunguzia Kiswahili utajiri wake.

Liko tatizo jingine la siku hizi. Katika hotuba na matangazo nchini Kenya tunasikia: "Serikali inaenda kujenga barabara", "Tunaenda kuwa na mkutano". Hii ni tafsiri sisisi ya 'going to'. Katika Kiswahili sanifu, 'enda' ikifuatwa na kitenzi humaanisha mwendo wa kweli: "Anaenda kuteka maji" ni mtu aliyeshika mtungi na kutoka nyumbani. Serikali haiendi popote, itajenga. Mkutano hauendewi, utakuwapo. Mtahiniwa aepuke mtindo huu katika insha rasmi. Mwandishi wa tamthilia, kwa upande wake, anaweza kuutumia kimakusudi ili kumchora mhusika anayefikiri kwa Kiingereza na kunena kwa Kiswahili, na mhakiki anapaswa kuliona hilo.

Matumizi ya 'shall' nayo yanahitaji uangalifu. Mwaka 1653 John Wallis aliandika sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini, akaweka kanuni kwamba nafsi ya kwanza itumie 'shall' kwa utabiri wa kawaida, na nafsi nyingine zitumie 'will'. Kanuni hiyo ilifundishwa kwa karne kadhaa. Leo 'shall' imebaki hasa katika sheria na katika maswali ya kupendekeza au kujitolea. Hapo ndipo wanafunzi wetu hukosea wanapotafsiri. "Shall I open the window?" si "Nitafungua dirisha?" Ni "Nifungue dirisha?" Na "Shall we go?" ni "Twende?" Kiswahili hutumia dhamira tegemezi, wala si -ta-.

Katika sajili ya sheria, 'shall' ya Kiingereza na -ta- ya Kiswahili hukutana tena. Mkataba ukisema "Mpangaji atalipa kodi kabla ya tarehe 5 ya kila mwezi," hautabiri kitu. Unaamuru. Mtahiniwa anayeulizwa kuhusu sifa za sajili hiyo katika isimu jamii anaweza kuitaja -ta- ya wajibu kama mojawapo, na akatoa mfano kama huu.

Hatimaye, lugha zote mbili hutumia wakati ujao kwa kudhania jambo la sasa. Mlango ukibishwa, Mwingereza husema "That will be the teacher." Nasi tunasema "Huyo atakuwa mwalimu." Au: "Saa hizi watakuwa wamefika Voi." Hapa hakuna kesho inayozungumziwa. Kuna makisio tu.

Vishazi tegemezi: chanzo cha makosa mengi

Turudi kwenye sentensi zetu mbili za utangulizi. Kiingereza hakikubali 'will' katika kishazi cha wakati kinachoanzishwa na 'when', 'before', 'until' au 'as soon as'. Kadhalika hakiikubali katika kishazi cha kawaida cha masharti kinachoanzishwa na 'if'. Kishazi hicho hutumia wakati uliopo: "When I finish school, I will be a doctor." Wakati ujao husemwa mara moja tu, katika kishazi huru.

Kiswahili ni kinyume. Kishazi cha wakati nacho kinadai alama ya ujao, pamoja na kirejeshi -po-: "Nitakapomaliza shule nitakuwa daktari." Njia nyingine ni -ki-: "Nikimaliza shule nitakuwa daktari." Hizi mbili hazilingani kabisa. "Nitakapomaliza" ina hakika ya kumaliza. "Nikimaliza" inaacha nafasi ya shaka. Mwanafunzi anayeandika "Wakati nitamaliza" ameacha kirejeshi ambacho Kiswahili kinakihitaji. Anayeandika "When I will finish" ameongeza alama ambayo Kiingereza hakiihitaji. Kosa la kwanza ni la upungufu na la pili ni la ziada.

Makosa mengine ya aina hii ni "Mtu atakuja kwanza atapewa zawadi" badala ya "Mtu atakayekuja kwanza", na "kabla atafika" badala ya "kabla hajafika" au "kabla ya kufika". Tunashauri walimu wa lugha zote mbili katika shule moja wakutane na kulifundisha jambo hili kwa pamoja. Mwanafunzi ni mmoja.

Usemi wa taarifa: -ta- inapogeuka -nge-

Katika shule zetu hufundishwa kwamba -ta- ya usemi halisi hugeuka -nge- katika usemi wa taarifa. Sentensi "Nitakulipia karo kesho," baba alimwambia Zawadi, huwa: Baba alimwambia Zawadi kwamba angemlipia karo siku iliyofuata. Kiingereza nacho hugeuza 'will' kuwa 'would', na hapa mwanafunzi hupata faraja kwamba lugha zake mbili zinakubaliana.

Faraja hiyo isimlevye. Kwanza, wapo waandishi wengi, hasa wa Tanzania, wanaobakiza -ta-: "alisema kuwa atamlipia". Mtahiniwa afuate kanuni ya mtihani anapojibu swali la usemi, lakini asimhesabie mwandishi kosa anapokutana na umbo hilo katika riwaya. Pili, -nge- ina kazi nyingine kubwa, nayo ni masharti. Kwa sababu hiyo, msomaji anayesoma "alisema kwamba angemlipia karo" huanza kusubiri neno 'lakini'. Ahadi iliyokuwa imara kinywani mwa baba imeingia doa la shaka katika masimulizi. Msimulizi anaweza kuitumia tofauti hii kwa makusudi: ahadi ya mhusika mmoja akainukuu moja kwa moja, na ya mwingine akaitaarifu. Mhakiki aulize kwa nini.

-ta- katika uhakiki wa fasihi

Mtahiniwa wa karatasi ya fasihi huulizwa kuhusu sifa za wahusika, kinaya, taharuki na mbinu ya kiangaza mbele. Zote hizi zina uhusiano na wakati ujao. Tunapendekeza maswali matatu ya kuuliza kila -ta- muhimu inapotokea katika dondoo.

Swali la kwanza: ni utabiri, ahadi, amri au dhana? Tuchukue kauli ya kubuni ya chifu anayewahutubia wanakijiji: "Mtapata maji kabla ya masika." Kwa sura ni utabiri. Kwa masikio ya wanakijiji ni ahadi.

Swali la pili: nani ndiye kiima? Hapa ndipo penye siri kubwa. Linganisha kauli nne: "Nitawaletea maji", "Tutawaletea maji", "Mtaletewa maji", "Maji yatakuja". Zote zina -ta-. Katika ya kwanza kuna mtu anayeweza kushikwa shati siku ahadi itakapovunjwa. Katika ya pili amejificha katika kundi. Katika ya tatu, kauli ya kutendewa imemfuta mtendaji kabisa. Katika ya nne maji yamepewa miguu, nayo yakikosa kuja hakuna wa kulaumiwa ila maji yenyewe. Mtahiniwa anayesema tu kwamba chifu "ni mwongo" amepata hoja nusu. Anayeonyesha kwamba chifu anakwepa nafsi ya kwanza kila anapoahidi, ilhali anaitumia anapojisifu kwa yaliyopita, amethibitisha hoja yake kwa lugha ya matini.

Swali la tatu: je, matini yanatimiza kauli hiyo? Ikitimizwa, kauli ilikuwa kiangaza mbele. Isipotimizwa, tuna kinaya. Ikitimizwa kwa namna ambayo mhusika hakuitarajia, kinaya ni kikali zaidi. Mfano mashuhuri ni Macbeth ya Shakespeare, ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina Makbeth mwaka 1968. Watabiri wanamwambia Macbeth kuwa atakuwa mfalme, naye anakuwa. Lakini utabiri ule ule unamtia kiburi, na hatimaye unamwangusha, kwa kuwa alisikia hakikisho mahali palipokuwa na mtego.

Katika fasihi simulizi, maapizo hutegemea sana -ta- na hali ya kutaka: "Utatangatanga usipate pa kulaza kichwa." Anayeapiza hatabiri tu, anakusudia maneno yake yatende. Katika ngano, sharti la mwiko hutolewa kwa -ki- na -ta-: "Ukikifungua kibuyu hiki, utaangamia." Msikilizaji akisikia hivyo anajua kwamba kibuyu kitafunguliwa. Methali, kwa upande wake, hupendelea hu-: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Ukiitafsiri kwa Kiingereza utashawishika kutumia 'will'. Lakini Kiswahili hakisemi kwamba mtu fulani atavunjika kesho. Kinasema ndivyo ilivyo siku zote, na uzito wa methali umo humo.

Katika ushairi, mtahiniwa asishtuke akikutana na 'tarejea' mahali alipotarajia 'nitarejea'. Katika lahaja za kaskazini kama Kimvita na Kiamu, nafsi ya kwanza umoja hudondoshwa mbele ya -ta-. Washairi wa mapokeo huitumia nafasi hiyo kupata inkisari. Mshororo "Kesho nitarejea kwetu" una mizani tisa. "Kesho tarejea kwetu" una nane. Ajibuye kwamba mshairi "amekosea" atapoteza alama. Ajibuye kwamba ametumia inkisari ili kutosheleza mizani atazipata.

Zoezi

1. Tafsiri kwa Kiswahili: "When they arrive, we shall eat."
2. Kanusha: Watakaochelewa wataadhibiwa.
3. Andika katika usemi wa taarifa: "Nitarudi hapa kesho," Musa alisema.
4. Eleza tofauti: (a) Akija nitamweleza. (b) Atakapokuja nitamweleza.
5. Kiongozi anasema: "Kazi zitapatikana." Iandike upya ili kumwajibisha msemaji.

Majibu: (1) Watakapofika tutakula. (2) Ambao hawatachelewa hawataadhibiwa, au: Wasiochelewa hawataadhibiwa. (3) Musa alisema kwamba angerudi hapo siku iliyofuata. (4) Katika (a) kuja kwake kuna shaka. Katika (b) kunatarajiwa kwa hakika. (5) Nitawapatia kazi.

Hitimisho

Tumeona kwamba 'will' na -ta- zilianzia katika kutaka, kisha kila moja ikashika njia yake. Kiingereza huisema alama ya ujao mara moja katika sentensi ya wakati; Kiswahili huidai pia katika kishazi tegemezi. Kiingereza kina maumbo kadhaa ya kutofautisha mpango na uamuzi. Kiswahili humwachia msikilizaji kazi ya kupima nia ya msemaji. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wa Kiswahili anahitaji sikio kali. Atakayejizoeza kuuliza "ni nani anayeahidi, na kwa nafsi ipi?" atajibu vyema swali la dondoo. Vile vile, atakapotimiza umri wa kupiga kura na kusimama mbele ya jukwaa akisikia "maji yatakuja", atajua la kuuliza.